PET NA MRI NDANI YA MASHINE MOJA: INAONA NINI KWENYE MOYO, NA SISI WA SONGEA INATUHUSU NINI?

Leo naomba mnivumilie kidogo, mada ni ndefu na ina fizikia ndani yake, ila nimejitahidi kuipika mpaka ilainike. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, ihifadhi kwenye flashi ukaisome nyumbani taratibu.

Chanzo cha mada ni baba yangu mdogo. Ni mkulima wa kahawa upande wa Mbinga, mtu wa miaka hamsini na kitu, hajawahi kulazwa hata siku moja. Mwaka jana akaanza kuchoka ovyo. Akipanda kilima cha kwenda shambani anasimama mara tatu kuvuta pumzi. Usiku hapati usingizi mpaka aegemee mito miwili mitatu, na miguu inavimba. Akaenda kwenye kituo kimoja cha binafsi (sikitaji), wakampiga picha ya kifua, wakamwambia "moyo wako umekuwa mkubwa, katafute vipimo vikubwa." Vipimo gani? Hakuna aliyemfafanulia.

Sasa unazijua familia zetu. Ndani ya siku mbili kila mtu kawa daktari. Binamu mmoja akarusha video kwenye grupu la ukoo: mashine nyeupe kama pipa kubwa, mgonjwa anasukumwa ndani, maelezo yanasema ni PET/MRI na inaona kila kitu kilichomo kwenye moyo. Ikawa ndo hiyo hiyo. Baba mdogo akaja mjini, akanikuta kafe, akaniambia: "Mwanangu, wewe si umesoma hizi sayansi? Nitafutie hiyo mashine iko wapi na bei gani. Nikilazimika kuuza shamba nitauza."

Shamba lenyewe ndilo lililonisomesha mimi mpaka fomu siksi. Basi nikatafuta. Haya hapa chini ndiyo niliyoyapata, na mwishoni nitawaambia tulimjibu nini.

MASWALI MAWILI, SIYO MOJA

Watu wengi tunadhani picha ni picha, kwamba mashine ikiwa ghali zaidi basi inaona zaidi. Si hivyo. Kwenye moyo kuna maswali mawili tofauti kabisa.

La kwanza: moyo umejengwaje? Kuta zake nene kiasi gani, vyumba vimetanuka au la, vali zinafunga, kuna kovu wapi, na kila pigo linasukuma damu kiasi gani.

La pili: misuli ya moyo inafanya nini sasa hivi? Inakula? Inapata damu ya kutosha? Kuna sehemu inawaka moto kwa ndani, yaani ina uvimbe wa kinga ya mwili?

Chukua mfano wa nyumba. Ukisimama nje Lizaboni ukaipiga picha nyumba ya mtu, utajua ina vyumba vingapi na ukuta umepasuka wapi. Lakini hutajua kama kuna mtu anaishi humo. Ukiona moshi unatoka jikoni, hapo unajua kuna watu wanapika. MRI inakuonyesha nyumba. PET inakuonyesha moshi wa jikoni. Ukiwa na moja bila nyingine unaweza kukosea vibaya: nyumba nzima isiyo na mtu, au moshi ambao hujui umetoka chumba gani.

MRI INAFANYAJE KAZI

Mwili wako sehemu kubwa ni maji, na maji yana haidrojeni. Kiini cha haidrojeni kinajiendesha kama kasumaku kadogo. Siku za kawaida hivyo visumaku vinaelekea kila upande, kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Ukimwingiza mtu kwenye sumaku kubwa, vinajipanga kama wanafunzi mstarini asubuhi. Si vyote vinatulia, ila vinavyojipanga vinatosha.

Mashine nyingi za hospitali ni za tesla 1.5 au 3. Sumaku ya tesla 3 ni kama mara 60,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayozungusha dira. Ndo maana ukiingia na funguo au kitu cha chuma unatafuta maafa, na ndo maana watu wenye betri ya moyo wanaulizwa maswali mengi kabla.

Kisha mashine inarusha mawimbi ya redio. Kwenye tesla 3 ni kama megahezi 128, yaani juu kidogo tu ya pale FM yako inapoishia, 108. Visumaku vinayumba, halafu vinaporudi mstarini vinatoa mlio wao wa redio. Nyama, mafuta, damu na kovu kila kimoja kinarudi kwa mwendo wake. Kompyuta inasikiliza hiyo tofauti na kuchora picha. Hapo hakuna mionzi ya kama eksirei. Ni sumaku na redio tu.

Kwenye moyo kuna ujanja mwingine muhimu. Wanakuchoma dawa yenye madini ya gadolini, wanasubiri kama dakika 10 hivi, ndipo wanapiga picha. Kwenye misuli mizima dawa inapita na kuondoka. Kwenye kovu inanasa, kwa sababu pale chembe hai zimekufa na kumebaki nafasi. Kovu linang'aa kama karai jipya juani.

PET INAFANYAJE KAZI

PET haitumii sumaku. Inatumia chakula chenye alama.

Wanachukua kitu kinachofanana na sukari, wanakibandika atomu ya florini-18 yenye mionzi. Kinaitwa FDG. Unachomwa kidogo tu kwenye mshipa. Chembe zako zinadhani ni sukari ya kawaida, zinaimeza, halafu zinashindwa kuisaga. Inabaki imekwama humo humo. Kwa hiyo pale palipo na ulaji mwingi wa sukari, ndipo alama inajazana.

Florini-18 ikioza inatoa pozitroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Ikikutana na elektroni ya mwilini zote mbili zinapotea, na badala yake zinatoka fotoni mbili zinazokimbia kuelekea pande zilizopingana. Hapo ndo utamu wa jambo. Fikiria bodaboda wawili wanaondoka sehemu moja kwa wakati mmoja na mwendo mmoja, mmoja kuelekea Mahenge na mwenzake kuelekea Ruhuwiko. Ukiwa na mlinzi kila upande, wakaripoti kwa wakati mmoja kwamba boda kapita, unajua walitokea mahali fulani kwenye mstari unaounganisha wale walinzi wawili. Ukipata mamilioni ya mistari ya namna hiyo, inapokatana ndipo dawa ilipo.

Tatizo la PET ni kwamba picha yake ni ya ukungu. Haioni vizuri vitu vidogo chini ya milimita 4 au 5 hivi, wakati ukuta wa moyo wenyewe unene wake ni kama sentimita moja. Tena moyo haukai kimya, unadunda na unapanda na kushuka na pumzi. Ndo maana inahitaji mwenzake wa kumwambia "hapa ni ukuta, hapa ni damu."

KWA NINI ILICHUKUA MUDA KUZIUNGANISHA

Utajiuliza, kama zinakamilishana hivyo, kwa nini hawakuziunganisha zamani? PET na CT ziliunganishwa mapema. Mashine ya kwanza ya majaribio ilianza kupima wagonjwa Marekani mwaka 1998, na leo ndiyo inayotumika kote duniani. PET na MRI ilikuwa kama kuoza watu wenye ugomvi.

Ugomvi wa kwanza ni sumaku. Vile vipokezi vya zamani vya PET vilikuwa mirija ya kioo ambamo elektroni zinaruka kutoka sahani moja hadi nyingine. Elektroni ndani ya sumaku kali zinapindishwa njia. Ukiweka mirija hiyo ndani ya MRI inakuwa kipofu. Kwa upande wa pili, umeme na vyuma vya PET vinaharibu mlio dhaifu wa redio ambao MRI inausikiliza. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani na Uingereza walijaribu kuvuta mwanga kwa nyuzi ndefu mpaka nje ya sumaku, ikafanya kazi kwa kifaa kidogo. Dawa kamili ilikuja na vipokezi vidogo vya silikoni visivyojali sumaku.

Mwezi Novemba 2010 mashine ya Siemens iitwayo Biograph mMR ilifungwa Munich, Ujerumani. Hiyo ilikuwa inapima mwili mzima, PET na MRI kwa wakati mmoja, mgonjwa kalala mara moja tu. Marekani iliiruhusu mwaka 2011. General Electric nao wakaja na ya kwao, Signa PET/MR, mwaka 2014.

Ugomvi wa pili haujaisha kabisa mpaka leo. Fotoni zikitoka kwenye moyo, nyingine zinamezwa njiani na mifupa na nyama. Lazima ujue zimemezwa ngapi, la sivyo sehemu iliyo ndani itaonekana maskini kumbe siyo. CT inakupa hesabu hiyo moja kwa moja kwa sababu nayo ni mionzi inayomezwa. MRI inaona maji na mafuta, mfupa inauona kwa shida. Kwa hiyo kompyuta inagawa mwili kwenye mafungu, maji, mafuta, mapafu na hewa, halafu inakadiria. Mgonjwa akiwa na chuma kifuani, mfano waya wa upasuaji wa zamani, makadirio yanaweza kuharibika hapo hapo jirani na moyo. Wapimaji wanajua, wanakagua kwa macho kabla ya kuamini picha.

SASA UGALI UNAINGIAJE HAPA?

Hii sehemu nimeipenda kuliko zote, na sisi watu wa mkoa wa mahindi inatugusa.

Moyo mzima ukiwa na njaa unapenda kuchoma mafuta. Ukishakula ugali ukashiba, sukari ya damu ikapanda na insulini ikatoka, moyo unahamia kwenye sukari. Yaani ni kama jiko linalotumia kuni na mkaa, linachoma kilichopo.

Kwa hiyo maandalizi ya kipimo yanategemea unatafuta nini. Wakitafuta uvimbe wa kinga ndani ya moyo, mfano ugonjwa wa sakoidosisi, wanataka misuli mizima iwe giza kabisa, iwake sehemu yenye ugonjwa tu, kwa sababu chembe za uvimbe zinakula sukari muda wote. Basi mgonjwa anaambiwa siku moja au zaidi kabla asile ugali, wali, ndizi, mkate, soda wala chai ya sukari. Ale nyama, mayai, samaki na mafuta, kisha afunge saa 12 au zaidi. Ukidanganya ukanywa soda moja njiani, moyo wote unawaka kama taa za sikukuu na kipimo kimekufa. Hela imekwenda.

Wakitafuta misuli iliyolala, ni kinyume. Wanakupa sukari makusudi, wanaisimamia na insulini, halafu wanaangalia ni sehemu gani bado inaweza kula.

MISULI ILIYOLALA NA MISULI ILIYOKUFA

Hapa ndipo jambo linakuwa la uhai. Mshipa unaolisha moyo ukiziba pole pole, sehemu ya misuli inapunguza kazi ili isife, kama mtu anayezima taa kubana umeme. Haipigi, lakini iko hai. Madaktari wanasema imelala. Sehemu nyingine imekufa kweli, imekuwa kovu. Ukiangalia kwa macho, zote mbili hazisogei. Swali: ukirudisha damu, itaamka?

Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima wagonjwa 17 kwa PET kabla ya upasuaji wa kupandikiza mishipa. Sehemu nyingi zilizokuwa zinakula sukari zilikuja kufanya kazi vizuri zaidi baada ya upasuaji, na zisizokula nyingi hazikuamka. Mmoja wa watafiti hao, Markus Schwaiger, ndiye aliyekuja kuongoza tiba ya nyuklia pale Munich ilikofungwa ile mashine ya 2010. Mnaona nyuzi zinavyounganika.

MRI nayo ikaja na ushahidi wake mwaka 2000, kwa wagonjwa 50: kovu likila unene wote wa ukuta, sehemu hiyo mara nyingi haiamki. Kwa hiyo PET inasema "bado anakula" na MRI inasema "kovu limefika hapa." Ukizipiga kwa pamoja, pigo kwa pigo, pumzi kwa pumzi, unaweza kuweka moshi juu ya chumba chake sahihi.

Kwenye sakoidosisi faida ni wazi zaidi. Mwaka 2018 kundi la Mount Sinai, New York, lilichapisha matokeo ya wagonjwa 25 waliodhaniwa kuwa nao kwenye moyo. MRI peke yake inaonyesha kovu lakini haikuambii kama moto bado unawaka au ulizimika zamani. PET peke yake inaweza kuonyesha mwako usio na maana, kwa sababu mgonjwa hakufunga vizuri. Vikikaa pamoja mahali pamoja, mwako juu ya kovu, daktari ana sababu ya kuanza dawa kali za kushusha kinga. Vikipishana, anajizuia. Dawa hizo zina madhara, siyo panadoli.

LAKINI WADAU, KUNA LAKINI

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kumwambia baba mdogo auze shamba. Bahati nzuri nikaendelea kusoma.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao REVIVED, wagonjwa 700 wenye moyo dhaifu kwa sababu ya mishipa kuziba, na ambao vipimo vilionyesha misuli bado iko hai. Nusu walizibuliwa mishipa kwa puto na stenti na kupewa dawa, nusu walipewa dawa tu. Kwenye vifo na kulazwa kwa moyo kushindwa kazi, makundi mawili hayakutofautiana. Yaani hata ukiwa na picha nzuri inayosema misuli iko hai, si lazima kuzibua kukuongezee maisha kuliko dawa nzuri zinazonywewa kila siku. Upasuaji wa kupandikiza mishipa ni habari nyingine, una ushahidi wake, ila funzo limebaki: picha nzuri na tiba nzuri ni vitu viwili.

Na mpaka leo PET/MRI ya moyo inatumika zaidi kwenye hospitali za vyuo vikuu vya nchi tajiri, kwa utafiti na kwa kesi ngumu chache. Mashine ni ya mamilioni ya dola, kipimo kinaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na inataka mtaalamu wa moyo, wa redio na wa nyuklia wakae meza moja.

JE, HUKU KWETU?

Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan walianza na PET/CT pamoja na saiklotroni yao mwaka 2018, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikafuata. Dar, Taasisi ya Saratani Ocean Road imejengewa kituo cha PET/CT chenye saiklotroni. Hizo ni PET na CT, na kazi yake kubwa ni kansa. Upande wa moyo tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, pale Muhimbili, iliyoanzishwa 2015. Wana eko, wana maabara ya kuzibua mishipa, wanafanya upasuaji wa moyo, na wataalamu wake wamekuwa wakizunguka mikoani kupima watu.

Mtu ataniuliza: si tuna urani hapa Ruvuma, pale Mkuju, Namtumbo? Kwa nini tusitengeneze wenyewe? Mdau, florini-18 haitoki kwenye urani. Inatengenezwa na saiklotroni, mashine inayokimbiza protoni na kuzipigiza kwenye maji maalumu yenye oksijeni-18. Na adui yake mkubwa ni saa. Kila dakika 110 nusu yake inapotea.

Tupige hesabu. FDG inatoka Dar na basi la saa 12 asubuhi, inapita Morogoro, inapanda Kitonga, Makambako, Njombe, inashuka stendi ya Shule ya Tanga saa 3 usiku. Saa 15. Imegawanyika nusu mara nane. Iliyobaki ni chini ya sehemu moja kwa 250. Ulinunua gunia la mahindi, umefikiwa na kopo moja la dogo dogo. Kwa ndege, ukihesabu kupakia, kuruka na kufika hospitali tuseme saa 3 na dakika 40, inabaki robo. Inawezekana, ila utengeneze mara nne. Na hiyo ni florini. Dawa nyingine ya PET ya kupima mtiririko wa damu ya moyo, amonia yenye naitrojeni-13, nusu yake inaisha kwa dakika 10. Hiyo kwenye foleni ya Dar yenyewe haitoki Muhimbili ikafika Kimara.

Kwa hiyo tusitegemee PET Songea kesho. Na nasema hivi siyo kwa kukata tamaa. Angalieni majirani zetu. Kuna ugonjwa unaoitwa kovu la utando wa ndani wa moyo, ulielezwa Uganda na daktari J.N.P. Davies mwaka 1948, ni ugonjwa wa nchi za joto kama zetu. Ukuta wa ndani unakuwa mgumu, moyo haujai damu. MRI yenye gadolini inauonyesha vizuri sana. Lakini mwaka 2008 Dk. Ana Olga Mocumbi na wenzake walichapisha utafiti wa kijijini Inharrime, Msumbiji, wamepima watu 1,063 kwa eko ya kubebeka. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za ugonjwa huo moyoni, wengi wao hawajijui. Hawakuwa na PET, hawakuwa na MRI. Walikuwa na eko, gari na jenereta la akili.

Eko ni ultrasaundi ya moyo, ile ya kama mama wajawazito. Inajibu lile swali la kwanza kwa sehemu kubwa: kuta, vyumba, vali, nguvu ya kusukuma. Kabla yake kuna ECG, waya za kifuani. Kabla yake kuna kile kitambaa cha kupima presha mkononi, dakika mbili tu.

TULIMJIBU NINI BABA MDOGO

Nilimwambia: "Baba, usiuze kitu. Mashine ile inajibu swali ambalo wewe bado hujaulizwa." Akanitazama kama nimemtukana. Ikabidi nimchoree nyumba na moshi nyuma ya daftari la mahesabu ya kafe.

Tukaanza upya. Presha ilipimwa, ikawa juu ya kutisha. Akapata rufaa, akapimwa eko kwenye hospitali kubwa. Moyo umetanuka, unasukuma kwa udhaifu, na daktari akasema dalili zote zinaonyesha ni presha ya miaka mingi ambayo hakuwahi kuipima. Miaka mingi! Mtu anayepima uzito wa kila gunia la kahawa hajawahi kupima presha yake. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na arudi kliniki.

Hajapona, niwe mkweli. Moyo wa namna hiyo ni wa kuutunza. Anameza dawa kila siku, kilimani bado anasimama mara moja. Lakini halali tena ameegemea mito mitatu, na kahawa bado ni yake.

Kwa hiyo ndugu yako akiambiwa "katafute vipimo vikubwa", kabla hamjauza kitu muulizeni daktari haya manne:

1. Unatafuta jibu la swali gani hasa?
2. Eko na ECG zimeshafanyika? Zimesema nini?
3. Jibu likiwa ndiyo, tiba itabadilika vipi? Na likiwa hapana?
4. Kipimo hicho kinafanyika hapa nchini, wapi, na bima inagusa kiasi gani?

Kama la tatu halina jibu, basi kipimo hicho kingoje kwanza, hata kama video yake ni tamu namna gani.

Na wewe uliyekaa hapo kafe, ukitoka pita kapime presha. Mpigie na mzee nyumbani, umwambie akapime.

Nawasilisha. Kama nimekosea fizikia, walimu wangu wa zamani mnajua pa kunikosoa, uwanja wa maoni uko hapo chini. Na kama una mgonjwa wa moyo nyumbani, tuambie mlipitia njia gani (majina ya watu na hospitali acheni), maana wengine wanaosoma hapa wako kwenye hali hiyo hiyo leo.